Magurudumu ya Spoki Kumi

Louth, 8 Septemba 1975

Bwana Ormerod,

Hatujuani. Jina langu ni Aubrey Tindall. Nimefundisha historia miaka thelathini na sita na sasa nimestaafu. Mke wangu alifariki, nyumba imebaki kubwa, na chumba cha kulia kina meza ya futi kumi na mbili ambayo haijawekwa sahani tangu mwaka 1966. Juu ya meza hiyo, mimi na wenzangu wanne wa klabu tunajenga upya vita vya Minden vya tarehe mosi Agosti 1759. Tuna vijiaskari elfu mbili na mia nne, na kila kimoja kimepakwa rangi mpaka vifungo vya koti.

Nimepokea ile mizinga midogo sita niliyoagiza baada ya kuona tangazo lako. Mkono wako ni safi, nakiri. Ila mizinga yenyewe ni ya uongo. Chini ya kitako cha bomba umeweka parafujo ya kulipandisha na kulishusha. Mwaka ule kazi hiyo ilifanywa kwa kabari ya mbao iliyosukumwa kwa mkono. Tena mkia wa gari la mzinga umeuchonga kama gogo moja. Gogo moja lilikuja mwishoni mwa karne. Mizinga ya Minden ilikaa kati ya mbao mbili zilizosimama sambamba.

Utasema ni vitu vya kuchezea. Mwaka jana tulionyesha vita vingine katika ukumbi wa mji. Kanali mmoja mstaafu, Hesketh, aliinama mezani kwetu, akavua miwani, akatamka kwa sauti ya gwaride: "Tindall, mizinga yako hii, mwaka huo mama yao alikuwa hajaolewa bado!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Miezi kumi na moja imepita na bado nakisikia.

Nahitaji mizinga ishirini na nne iliyo sahihi kabla ya tarehe mosi Agosti mwakani. Unaiweza kazi hiyo?

Wako,
A. Tindall


Todmorden, 16 Septemba 1975

Mwalimu Tindall,

Barua yako nimeisoma kwa sauti jikoni, na mke wangu Noreen alicheka pale kwa Kanali mpaka akajimwagia chai. Utusamehe. Hata wewe ungecheka kama mizinga isingekuwa yako.

Mimi si mtu wa vitabu. Shule niliiacha na miaka kumi na mitano, nafanya zamu kwenye kiwanda cha kutia rangi nguo, na mizinga nilianza kuisubu, kumimina madini ya moto kwenye kalibu, katika banda la nyuma kwa sababu mikono yangu haipendi kukaa bure. Ile parafujo niliiona kwenye picha ya kopo la biskuti. Basi, ndiyo historia yangu yote. Watu wananunua na kunyamaza. Hakuna aliyewahi kuniandikia kuniambia nimekosea wapi.

Siku mbili nilikuwa nimenuna. Siku ya tatu nikaenda maktaba. Ni kweli, kabari. Ni kweli, mbao mbili. Nimevunja kalibu za zamani na naanza upya. Nimepata madini ya risasi ya kutosha kutoka kwenye paa la kanisa lililobomolewa huku juu, pamoja na mabomba ya kale. Inayeyuka vizuri, inajaa kila pembe.

Noreen anasema nikuambie kwamba Kanali wako atakosa la kusema mwakani.

Clifford Ormerod


Louth, 3 Novemba 1975

Ndugu Clifford (ukiniruhusu),

Mzinga wa mfano umefika. Nimeuweka kiganjani robo saa nzima. Kabari inaonyesha hata nyuzi za mbao! Hata misumari ya mkia ipo! Nimefundisha mamia ya vijana ambao hawakuwahi kunisikiliza kwa makini kama ulivyonisikiliza. Vizuri sana. Vizuri kabisa.

Limebaki jambo moja tu. Gurudumu lako lina spoki kumi na mbili. Mzinga mwepesi wa kurusha tufe la ratili sita ulikuwa na spoki kumi. Nina mchoro niliounakili kwa mkono wangu mwaka 1931 nikiwa mwanafunzi, kutoka kwenye daftari la mhandisi wa wakati ule. Nakutumia nakala. Ni magurudumu arobaini na manane tu.

Wako,
Aubrey Tindall


Todmorden, 12 Novemba 1975

Mwalimu,

Una hakika? Mwaka juzi mimi na Noreen tulitembelea ngome moja kule pwani, na mzinga ulioko getini nilihesabu spoki zake nikapata kumi na mbili. Noreen ni shahidi, alikuwa ananingoja na baridi ilikuwa inamkata.

Nauliza kwa sababu kalibu ya spoki kumi itabidi niichonge upya, na kalibu mpya hufungana vibaya, tena nafasi kati ya spoki na spoki ni nyembamba kuliko jino la chanuo. Risasi hujaa pale kati, na kila tundu linatakiwa lifunguliwe kwa tupa, moja moja. Lakini ukisema kumi, ni kumi.

Clifford


Louth, 17 Novemba 1975

Clifford,

Mizinga ya magetini hubadilishwa magurudumu kila mara yakioza. Mchoro ni wa wakati wenyewe. Kumi.

A. T.


Todmorden, 4 Januari 1976

Mwalimu,

Heri ya mwaka mpya. Samahani kwa ukimya, lakini nina habari, na ukikasirika baada ya kuisoma basi huna moyo. Noreen ni mjamzito! Tumengoja miaka saba. Madaktari wawili walishatuambia tuachane na matumaini, na mama yangu alikuwa ameacha kuuliza. Mtoto atafika mwishoni mwa Juni. Nimeanza kutengeneza kitanda, na hicho hukikosoi.

Magurudumu yanakwenda polepole. Banda limeganda, maji yanadondoka kwenye kalibu, na risasi ya moto ikikuta tone la maji inaruka kama bomu. Kwa hiyo chungu cha kuyeyushia nimekihamishia jikoni, na madirisha tumefunga kwa sababu ya baridi. Tupa ndiyo inayokula muda. Lakini kazi inakwenda, usiwe na wasiwasi. Kumi na manne tayari.

Clifford


Louth, 10 Januari 1976

Clifford,

Hongera sana kwako na kwa Bibi Ormerod. Mimi na marehemu mke wangu hatukujaliwa, kwa hiyo najua uzito wa habari hiyo kuliko unavyodhani.

Nimeandika kwenye makumbusho kuomba wanithibitishie zile spoki kumi, ili siku hiyo niwe na karatasi yenye mhuri mfukoni. Nataka kumtazama Hesketh akiisoma.

Endeleeni hivyo hivyo.

Aubrey Tindall


Makumbusho ya Mizinga, Chumba cha Michoro
9 Februari 1976

Bwana Tindall,

Asante kwa barua yako na nakala ya mchoro. Tumeilinganisha na michoro asilia tuliyo nayo. Gurudumu ulilonakili la spoki kumi ni la gari dogo la mbele, lile lililofungwa kwa farasi kuuburuta mzinga. Ukurasa uliofuata katika daftari hilo, ambao huenda hukuuona, unaonyesha gurudumu la mzinga wenyewe. Lina spoki kumi na mbili, bila shaka yoyote.

Kosa hili linaeleweka, na wengi wamelifanya. Tunakutakia mafanikio katika maonyesho yenu.

Winifred Pascoe
Mhifadhi msaidizi


Louth, 13 Februari 1976

Clifford,

Kutoka makumbusho bado sina la kukuambia. Tusiwangoje. Wenzangu wa klabu nimeshawaeleza habari ya spoki kumi, na mmoja wao ameandika makala fupi katika jarida letu. Sasa kila mtu anaitazamia mizinga hiyo, na jina lako limetajwa.

Umefikia magurudumu mangapi?

A. Tindall


Todmorden, 3 Machi 1976

Mwalimu Tindall,

Mimi ni Noreen, mke wa Clifford. Hajui kwamba nakuandikia, naomba ibaki hivyo.

Magurudumu yako nayapiga tupa mimi. Clifford hakukuambia kwa sababu aliona haya. Yeye anasubu akitoka zamu, na mimi kutwa nzima niko kwenye meza ya jikoni na kitupa chembamba, nachimba kati ya spoki. Mwanzoni nilipenda. Redio inaimba, mtoto anapiga teke, kazi inasonga. Sasa nimechoka kwa namna ambayo sijawahi kuchoka. Tumbo linanikaza, choo kimegoma, na mdomoni kuna ladha kama nimefumbata sarafu. Jirani anasema ndiyo mimba ya kwanza ilivyo. Labda. Lakini vumbi la tupa liko kila mahali, mpaka kwenye mkate.

Nimemwambia Clifford tupumzike. Akasema, "Mwalimu ametutaja kwenye jarida, tutamwangushaje?" Tangu barua yako ya Novemba, ile uliyomwandikia "vizuri sana", anaibeba kwenye mfuko wa shati. Mimi akinisikia, hanisikii. Wewe atakusikia.

Yale ya spoki kumi na mbili tuliyokuwa nayo yalikuwa mazuri. Hakuna mtu atakayehesabu. Tafadhali mwandikie kwamba yanatosha. Yamebaki ishirini na sita.

Noreen Ormerod


Louth, 8 Machi 1976

Bibi Ormerod mpendwa,

Barua yako imenigusa, na siri yako iko salama kwangu. Pole kwa uchovu. Ninaelewa kwamba hali hiyo ina misukosuko yake, na jirani yako bila shaka ana uzoefu kuliko mimi.

Lakini hebu fikiria. Umeshafanya magurudumu ishirini na mawili. Tukiyaacha sasa, nusu ya mizinga itakuwa na spoki kumi na nusu kumi na mbili, na kazi yako yote itapotea. Ishirini na sita ni wiki chache tu. Pumzika vya kutosha, fungua dirisha kidogo, na Pasaka ikifika mtakuwa mmemaliza. Wapo watakaohesabu, niamini. Tena ni hao hao wa kwanza kucheka.

Kwa heshima,
Aubrey Tindall


Todmorden, 17 Aprili 1976

Mwalimu,

Yametimia arobaini na manane. Nimeyafunga kwenye pamba pamoja na mizinga yote. Noreen hajisikii vizuri kwa hiyo siandiki mengi.

Clifford


Louth, 24 Aprili 1976

Clifford,

Mizinga yenu imepangwa mbele yangu mstari mmoja, na ukiinamisha jicho usawa wa meza unaweza kuapa kwamba utasikia harufu ya baruti. Mmefanya jambo la ajabu. Nawaalika rasmi tarehe mosi Agosti, wewe, Bibi Ormerod na mgeni wenu mdogo.

A. T.


Louth, 20 Mei 1976

Clifford,

Sijasikia kitu. Je, kile kifurushi cha rangi ya kijivu nilichowatumia kwa ajili ya mtoto kilifika? Natumaini wote ni wazima.

A. T.


Todmorden, 2 Juni 1976

Mwalimu Tindall,

Kilifika. Sijakifungua.

Tarehe 25 Aprili Noreen alianza kutapika na kichwa kumuuma mpaka akawa hanijui. Akaniita kwa jina la kaka yake. Hospitali walidhani ni presha ya mimba. Tarehe 28 mtoto alizaliwa amekufa.

Siku mbili baadaye akaja daktari kijana, mgeni pale. Alimfunua Noreen mdomo, akatazama ufizi. Pana mstari wa buluu, mwembamba, kama mtu ameuchora kwa kalamu. Akaniuliza, "Bwana Ormerod, nyumbani kwenu mnafanya kazi gani?" Nikamwambia kiwandani, kutia rangi. Akasema, "Sikuulizi kiwandani. Nyumbani." Nikamwambia ya mizinga. Akakaa chini kwenye ukingo wa kitanda. Akaniuliza chungu kinakaa wapi. Nikasema jikoni. Akauliza nani anapiga tupa.

Walipima damu. Ya Noreen ilikuwa imejaa risasi. Yangu pia, nusu ya yake. Daktari alisema viwandani wanawake walikatazwa kazi za risasi tangu zamani za bibi zetu, na sababu ni hii hii. Mimi sikujua. Nilijua inachoma. Sikujua inaingia.

Noreen yuko kwa mama yake. Mkono wake wa kulia unaning'inia, hawezi kuunyanyua kutoka kwenye kifundo, wanasema utarudi polepole. Haongei na mimi. Ana haki.

Tarehe mosi Agosti hatutakuja.

C. Ormerod


Louth, 9 Juni 1976

Clifford mpendwa,

Poleni, poleni sana. Usijihukumu kwa jambo ambalo hukulijua. Hakuna mtu mwema ambaye angejua. Nimeagiza maua yapelekwe kwa mama mkwe wako. Mimi mwenyewe silali vizuri.

Aubrey Tindall


Louth, 3 Agosti 1976

Clifford,

Juzi tulipigana Minden.

Nilitaka kuahirisha. Sikuahirisha. Ukumbi ulijaa, joto lilikuwa la kuua, nyasi nje zimekauka mpaka zimekuwa nyeupe. Hesketh alikuja. Aliinama mezani, akavua miwani kama safari ile, akaanza kuhesabu kwa kidole. Kisha akanyooka, akawaambia watu: "Spoki kumi! Mnaona? Hapa yupo mtu anayeijua kazi yake." Wakapiga makofi. Hajui chochote, Clifford. Hajawahi kujua. Yule mtu niliyemwogopa miaka miwili alikuwa amesoma makala ya jarida letu tu.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Nimekaa na jambo hili tangu Februari na siwezi tena.

Naambatisha barua ya makumbusho. Tazama tarehe. Magurudumu yako ya kwanza yalikuwa sahihi. Ulihesabu sawasawa kule ngomeni. Mimi nilikuwa nimenakili ukurasa usio wenyewe miaka arobaini na mitano iliyopita, na nilipoambiwa, nilikuwa nimeshajisifu kwa wenzangu, nikaona aibu. Nikakuandikia kwamba sina la kukuambia.

Tena kuna baya zaidi. Tarehe 3 Machi mkeo aliniandikia, akaniomba nikuambie muiache kazi. Alisema tumbo, alisema ladha ya chuma, alisema vumbi liko kwenye mkate. Nilikuwa na barua ya Bi Pascoe ndani ya droo hiyo hiyo nilimotoa karatasi ya kumjibu. Nikamwambia aendelee.

Siombi msamaha. Nimeona tu kwamba ni haki yako kujua.

Aubrey Tindall


Todmorden, 11 Agosti 1976

Tindall,

Unasema ni haki yangu kujua. Sawa, sasa najua. Umeutua mzigo wako hapa kwangu, natumaini wewe umelala.

Chungu nilikiingiza jikoni mimi. Madirisha nilifunga mimi. Nilimwona anakula mkate na vidole vyeusi nikamwambia utani. Hayo huwezi kunipokonya, hata ukitaka kuyabeba yote ili ujione mtu mkubwa wa dhambi.

Lakini wiki kumi. Nimehesabu. Kutoka tarehe 9 Februari mpaka Pasaka ni wiki kumi, na daktari alituambia miezi ya mwisho ndiyo iliyomzidi. Laiti ungeandika mstari mmoja. "Nimekosea, ni kumi na mbili." Unajua ningefanya nini? Ningecheka. Ningempigia Noreen kelele, "Mama, hata Mwalimu anakosea!" Tungeyayeyusha yale ya kumi, banda lingekuwa limeshapata joto, na tungekusifu kwa ukweli wako. Ulikuwa unaogopa nani? Mimi?

Na hilo la barua yake sikulijua. Alikuomba wewe, mtu asiyemjua, kwa sababu ndani ya nyumba yake mwenyewe hakupata sikio. Nilikuwa nabeba karatasi yako mfukoni kama mtoto aliyepewa nyota na mwalimu. Nina miaka thelathini na mitatu.

Nimempelekea barua zako zote. Aamue yeye.

C. O.


Halifax, kwa mama, 30 Agosti 1976

Bwana Tindall,

Naandika kwa mkono wa kushoto kwa hiyo utavumilia.

Nimezisoma. Maua yako mama aliyatupa kabla sijayaona, na alifanya vema.

Sitaki fedha wala sala zako. Nataka kitu kimoja. Mna jarida linalokwenda kwa watu mia tatu, na wengi wao wana chungu cha risasi nyumbani. Wake pia wanao. Clifford anasema hajawahi kuona humo neno hata moja kuhusu vumbi. Andika. Andika mambo yalivyotokea, na utie jina lako, na tarehe ya barua ya makumbusho, na tarehe ya yangu. Usiandike "mtu mmoja" wala "rafiki fulani". Ukificha jina lako watasema ni hadithi ya kutishia watoto.

Jina langu ruksa kulitumia. Clifford amekubali la kwake pia.

Noreen Ormerod


Louth, 4 Oktoba 1976

Bibi Ormerod,

Imechapishwa, ukurasa wa tatu. Nakala imo ndani. Mhariri alitaka kuondoa tarehe, nilikataa. Wenzangu wawili hawanisalimii, na wa tatu alikuja kuniambia kwa upole kwamba ni afadhali nisihudhurie kwa muda. Hesketh ameandika kwa mhariri kwamba mambo ya nyumbani hayana nafasi katika jarida la historia. Alidhani ananitetea, ili jambo lisahaulike.

Nimejitahidi kuwa sahihi. Kama kuna kosa lolote, niambie nami nitarekebisha katika toleo linalofuata.

Aubrey Tindall


Todmorden, 14 Oktoba 1976

Bwana Tindall,

Nimerudi nyumbani wiki iliyopita. Clifford amebandua sakafu ya jikoni yote na kuweka mbao mpya. Tunakula pamoja. Hatuzungumzi sana bado, tunapeana tu chumvi. Mkono unanyanyuka kidogo.

Wanawake wanne wameniandikia. Mmoja ni wa Stoke, ana mimba ya miezi mitano, alikuwa anampigia mumewe tupa farasi wa risasi. Ameacha. Mumewe alitaka kubisha, naye akamwekea jarida juu ya sahani. Huyo namfikiria kila siku, na namwonea wivu mpaka najichukia.

Umeniambia nikuonyeshe makosa. Yapo.

Umeandika "mimba ya miezi sita". Ilikuwa wiki thelathini na moja. Tayari kitanda kilikuwa kimepakwa rangi.

Umeandika kwamba "mimba iliharibika". Haikuharibika mimba. Nilizaa saa tisa na dakika ishirini alasiri, kwa uchungu wa saa kumi na moja, kama mwanamke yeyote. Walitaka kumwondoa nisimwone, ndiyo desturi yao. Muuguzi mmoja, mwanamke mnene wa Ireland, aliwakatalia, akafunga mlango kwa mgongo wake, akanipa. Nilikuwa naye dakika mbili. Alikuwa na nywele nyingi nyeusi na kucha kwenye vidole vyote kumi. Uzito wake ratili tatu na wakia mbili. Moyo wangu ulizikwa pale pale, lakini yeye walimzika ndani ya jeneza la mtu mwingine, mzee tusiyemjua, na mahali penyewe tulionyeshwa mwezi wa saba.

Umeandika "kijusi". Alikuwa msichana. Katika barua zako zote hukuuliza, na Clifford hakuweza kukuambia. Kwenye cheti hawakuandika jina kwa sababu sheria haina nafasi ya jina kwa mtoto wa namna hiyo. Sisi tulimpa. Anaitwa Judith Ormerod.

Tafadhali rekebisha. Ukishachapisha, usituandikie tena.

Noreen Ormerod